Saa inasema sukari 5.8, kidole kinasema 13.2: tuamini kipi?

Swali: "Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61, ana kisukari aina ya 2, huu mwaka wa tisa sasa. Anatumia metformin asubuhi na jioni, na usiku kabla ya kulala anachoma insulini. Vidole vimechoka kutobolewa, kwa hiyo nikamnunulia mtandaoni saa janja inayopima sukari bila kutoboa, inapima pia presha, oksijeni na mapigo ya moyo. Muuzaji aliniambia inatumia mwanga wa leza na akili bandia. Mama kaifurahia sana, hii wiki ya tatu hajagusa kile kipimo chake cha zamani. Sasa juzi usiku aliamka anatetemeka, jasho limemlowanisha, saa ikasema 6.1 tukampa maji akalala. Jana nikamlazimisha apime kwa kidole, saa inasema 5.8 kidole kinasema 13.2. Kaka yangu anasema kipimo cha kidole ndo kimechoka, na kwamba ameona watu wanavaa kitu mkononi hawatoboi kabisa. Tuamini kipi? Na hii saa niirudishe au ina kazi nyingine?"

Jibu: Marahaba, na mama mfikishie salamu. Nianze na la haraka, stori ya sayansi itafuata taratibu. Aminini kidole. Mama arudi kutoboa leo hii, asisubiri wiki iishe, na lile tukio la usiku lazima kliniki yake ilijue. Jasho na kutetemeka usiku kwa mtu anayechoma insulini tunalihesabu ni sukari kushuka mpaka ithibitike vinginevyo. Usiku ule hamkuwa na kipimo chochote, mlikuwa na namba tu kwenye kioo, na hiyo namba ndo iliyowafanya mumpe maji badala ya sukari. Siwalaumu, mtu yeyote angeiona 6.1 angetulia. Ila hapo ndo ilipo hatari ya vifaa hivi. Kingekuwa kinaandika 40 au 0.2 mngekitupa siku ya kwanza, tatizo kinaandika namba inayofanana na ukweli.

Sasa tuje kwenye saa yenyewe, maana naona kuna mambo manne yamechanganywa kwenye boksi moja na yote yanaonekana yana hadhi sawa kwa sababu yako kwenye skrini moja.

Igeuze saa uangalie mgongo wake. Utaona vitaa vidogo vya kijani, na pembeni yake kijidude cheusi kinachopokea mwanga. Basi hicho ndo kiwanda chote. Mwanga wa kijani unaingia kwenye ngozi kidogo tu, hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, inaunyonya, unaobaki unarudi na kupokelewa. Moyo ukipiga damu inajaa kidogo kwenye vimishipa vya hapo mkononi, mwanga unaorudi unapungua, moyo ukilegea damu inapungua mwanga unaongezeka. Saa inahesabu hiyo pandashuka mara nyingi kila sekunde na inakuletea mapigo ya moyo. Ni ujanja mzuri, tena unafanya kazi vizuri kabisa mtu akiwa ametulia na mkanda umekaza kiasi. Ukitembea au mkono ukitikisika unaanza kudanganyika, na kuna saa zimewahi kusoma "mapigo ya moyo" ya roli ya karatasi ya chooni, kwa sababu saa haijui imevaliwa na nani, inatafuta tu mwanga unaopanda na kushuka.

Kwa hiyo kitu ambacho saa ya mkononi inakigusa kweli ni mwendo wa damu. Shika hilo, maana litakusaidia kupima kila dai utakalolikuta kwenye tangazo: je, hiki kinachodaiwa kinaweza kupatikana kutoka kwenye mwendo wa damu, au kinahitaji kujua kilichomo ndani ya damu?

Mfano wa dai linalopatikana ni mapigo yasiyo na mpangilio, yale ambayo kitaalamu tunayaita atriali fibrilesheni, ambayo yanaongeza hatari ya kiharusi. Hapo saa haihitaji kujua damu ina nini, inaangalia tu kama nafasi kati ya pigo na pigo zimevurugika. Chuo Kikuu cha Stanford kilifanya utafiti mkubwa wa saa za Apple, watu zaidi ya laki 4, matokeo yakachapishwa 2019. Waliopewa onyo la mapigo kuvurugika walikuwa kama 0.5% tu ya wote, na katika wale walioonywa halafu wakavalishwa kipimo cha umeme wa moyo (ECG) cha kubandika kifuani, karibu theluthi moja walikutwa nayo. Wengine haikuonekana ile wiki ya kupimwa, jambo la kawaida kwa sababu huja na kuondoka. Yaani hata pale teknolojia inapofanya kazi, saa inasema "nenda kaangaliwe", haisemi "unaumwa". Huo ndo uungwana wa kifaa kizuri.

Oksijeni iko katikati. Mjapani mmoja mhandisi, Takuo Aoyagi, mwaka 1974 ndo alitangaza mbinu ya kutumia mwanga wa aina mbili, mwekundu na infraredi (usioonekana kwa macho), pamoja na mdundo wa damu, kutofautisha damu yenye oksijeni na isiyo nayo, kwa sababu hemoglobini ikibeba oksijeni inabadilika rangi na kunyonya mianga hiyo miwili kwa viwango tofauti. Kile kibanio cha kidoleni cha hospitali ni mtoto wa kazi hiyo. Kinafanya vizuri kwa sababu kidole ni chembamba, mwanga unapita upande huu unatokea upande wa pili. Mkononi hakuna kupita, kuna mwanga unaorudi tu, na kuna mfupa na kano, ndo maana saa inasoma 97 sasa hivi na dakika moja baadaye 91 na mtu hajafanya lolote.

Na hapa niongeze jambo ambalo kwenye matangazo hulikuti, la ngozi zetu nyeusi. Melanini, ile inayoipa ngozi weusi, nayo inanyonya mwanga. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliangalia wagonjwa hospitalini ambao kibanio kilisoma vizuri, 92 mpaka 96, halafu wakalinganisha na damu iliyotolewa kwenye mshipa wa ateri. Kwa wagonjwa weusi, karibu 12% walikuwa chini ya 88 kiukweli, kwa weupe ilikuwa kama 4%. Hivyo ni vifaa vya hospitali, sio saa! Kwa hiyo mtu akihema kwa shida usikubali kutulizwa na namba ya oksijeni mkononi mwake, mtazame mtu.

Haya, sukari sasa.

Hemoglobini ina rangi, ndo maana mwanga unaikamata. Glukosi haina rangi. Ukiiyeyusha kwenye maji, maji yanabaki meupe vilevile. Kwenye mwanga tunaouona kwa macho haina alama yoyote, unatakiwa uende kwenye infraredi ambako inanyonya kidogo, na huko inakutana na maji, na mwili ni maji tupu, na protini, na mafuta, vyote vinanyonya sehemu hizohizo kwa nguvu zaidi. Halafu angalia viwango. Lita moja ya damu ina hemoglobini kama gramu 120 mpaka 150, wakati glukosi kwa mtu ambaye yuko sawa ni kama gramu 1 tu. Damu yote ya mtu mzima, ukikusanya sukari iliyomo kwa wakati mmoja, ni kama kijiko kimoja cha chai. Na tofauti kati ya ile 5.8 ya saa na 13.2 ya kidole, ambayo kwa maisha ya mama ni tofauti kubwa mno, ni gramu 1 na kidogo kwa lita nzima (namba za vipimo ni milimoli kwa lita, sio gramu). Kuitafuta hiyo kwa taa kupitia ngozi ni kama kutaka kujua uzito wa kofia ya dereva kwa kupima lori zima, tena likiwa linatembea na mzigo unahamahama. Joto la ngozi likibadilika, mtu akitoka jasho, mkanda ukilegea, damu ikipungua mkononi kwa baridi, mabadiliko hayo ni makubwa kuliko ishara yenyewe unayoitafuta.

Usidhani watu hawajajaribu. Wamejaribu kwa miongo, kampuni zenye hela na akili za kutosha. Mwaka 2001 Marekani waliidhinisha saa iliyoitwa GlucoWatch, hiyo haikutumia taa, ilipitisha umeme mdogo kwenye ngozi ikavuta maji maji na kupima sukari iliyokuja nayo. Ilikuwa inaunguza ngozi na kuwasha, mtu akitoka jasho inaruka vipimo, na bado ulitakiwa utoboe kidole ili kuirekebisha, ikafa sokoni. Google nao mwaka 2014 wakatangaza lenzi ya jicho ya kupima sukari kwenye machozi, mwaka 2018 wakasitisha kwa sababu sukari ya machozi haikufuatana na ya damu kwa namna ya kutegemewa. Utafiti unaendelea, mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani wakiwa na Samsung walionyesha kwa nguruwe kwamba kwa kutumia leza na mbinu inayoitwa Raman unaweza kuiona alama ya glukosi kupitia ngozi, na mimi naamini ipo siku itafika kwa watu. Ila hiyo ilikuwa mitambo ya maabara. Mtu akikuambia kitu kilichowashinda hao wote kipo ndani ya saa ya bei chee aliyoiona mtandaoni, na hakuna hospitali inayokitumia, hapo jiulize.

Mwezi Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo la wazi kabisa kwa umma: haijaidhinisha saa janja yoyote wala pete janja yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Hawakutaja chapa moja, walisema chapa zote, kwa sababu vifaa hivyo vinatengenezwa na makampuni mengi na kuuzwa kwa majina mengi.

Sasa utaniuliza, kama haipimi mbona inatoa namba? Na kwa nini namba inabadilika mama akila? Saa ya namna hii ina mapigo ya moyo, ina muda wa siku, na ina umri na uzito ambao mliujaza wenyewe siku ya kuiwasha. Ukiwa na hivyo unaweza kutunga namba yoyote. Sukari ya watu wengi, muda mwingi, iko kati ya 4 na 8, kwa hiyo programu ikichagua kitu humo ndani na kukipandisha kidogo mchana, itaonekana iko sahihi mara nyingi, hasa kwa mtu asiye na kisukari ambaye ndo anaandika sifa nzuri kwenye ukurasa wa muuzaji. Ukitaka kuhakikisha, mvalishe jirani asiyeumwa, halafu ujivalishe mwenyewe, halafu mama, utaona wote mnapata namba za ukoo mmoja. Na hiyo akili bandia aliyoisema muuzaji haikuokoi hapa, kwa sababu programu inaweza kusafisha ishara iliyojaa kelele lakini haiwezi kuchambua ishara ambayo haikuingia kabisa.

Kaka yako nisimpuuze, kwa sababu ameuliza jambo la maana: vipi kama kipimo cha kidole ndo kibovu? Inawezekana kipimo kukosea, tuone kwa kiasi gani. Kile kijistripu unachokichomeka kwenye kipimo kina kimeng'enya (enzaimu) ambacho kikikutana na glukosi kwenye tone la damu kinaanzisha mmenyuko wa kemikali unaotoa elektroni, kipimo kinasoma huo umeme mdogo. Wazo hilo lilianza na mwanasayansi wa Marekani, Leland Clark, mwaka 1962, limechujwa na kuboreshwa zaidi ya miaka 60. Unaona tofauti? Hapa damu yenyewe imeguswa, na kimeng'enya kinaitambua glukosi hasa, hakibahatishi kutoka kwenye mapigo ya moyo. Kiwango cha kimataifa kinachotumika kwa vipimo hivi, cha mwaka 2013, kinataka angalau 95% ya majibu yawe ndani ya 15% ya jibu la maabara, na zile za chini kabisa zina kipimo chake. Kwa hiyo 13.2 ya mama, kama kifaa ni kizima, ukweli ulikuwa mahali kati ya 11 na 16. Sio 5.8, haifiki huko hata ukivuta.

Kinachoweza kuharibu jibu la kidole ni stripu zilizopitwa na muda, stripu zilizoachwa kopo wazi zikapata unyevu au joto kali, na vidole vyenye mabaki ya kitu cha sukari, hiyo ya mwisho ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani na inapandisha namba kweli. Angalia tarehe kwenye kopo, mama anawe mikono kwa maji na sabuni akauke vizuri, apime tena. Halafu siku ya kliniki nendeni na kile kipimo, apimwe kwa chao na kwa chenu dakika hiyohiyo, mtajua moja kwa moja.

Na kile kitu alichokiona kaka mkononi mwa watu kipo, na ni cha kweli. Ila sio saa. Ni sensa inayobandikwa nyuma ya mkono wa juu au tumboni, na chini yake kuna kiuzi chembamba kinachoingia chini ya ngozi. Kwa hiyo ngozi inatobolewa, mara moja, halafu kiuzi kinabaki humo siku 10 mpaka 15 kutegemea aina. Kina kimeng'enya kama kile cha stripu, kinapima sukari kwenye maji maji yaliyo kati ya seli na kutuma kwenye simu kila dakika chache. Za kampuni ya Abbott zinazoitwa FreeStyle Libre zilianza Ulaya mwaka 2014, na Machi 2024 Marekani wakaruhusu ya kwanza kununuliwa bila cheti cha daktari, ya kampuni ya Dexcom, ila kwa watu wasiotumia insulini. Simu au saa janja inaweza kuonyesha hizo namba, na nadhani hapo ndo mchanganyiko wote ulipozaliwa, mtu anaona namba ya sukari kwenye saa ya rafiki yake anadhani saa ndo imepima, kumbe kipimo kiko chini ya shati na saa ni kioo tu.

Je, mama anafaa? Kwa mtu anayechoma insulini na aliyepata dalili za kushuka usiku, kusema kweli ni mtu mzuri wa kufikiriwa, kwa sababu sensa inaweza kulia king'ora akiwa amelala, kitu ambacho kidole hakiwezi. Lakini ziko kasoro zake. Inachelewa nyuma ya damu kama dakika 5 mpaka 15, kwa hiyo sukari ikiwa inashuka kwa kasi yenyewe bado inasema yuko sawa. Akilalia mkono wenye sensa inaweza kusoma chini kwa uongo na kuwaamsha wote bure. Vitamini C ya dozi kubwa inavuruga baadhi yake. Na ni gharama inayojirudia kila wiki mbili, hiyo ndo inayowashinda wengi, ukianza halafu ukaacha hujapata faida kubwa. Kuna njia ya katikati ambayo naipenda kwa watu ambao hela haitoshi: kuvaa moja tu kwa wiki hizo mbili, daktari aone sukari ya mama inaendaje usiku, apange dozi upya, halafu mrudi kwenye kidole. Ulizeni kliniki kama wanayo.

Sasa hivyo vidole vyenyewe, maana bila kumaliza maumivu mama atarudi kwenye saa tu, na mimi namwelewa. Wengi wanatoboa katikati ya ncha ya kidole, ambako ndo kuna neva nyingi. Atoboe pembeni mwa ncha, abadilishe vidole kwa zamu, kidole gumba na cha shahada avipumzishe kama anavitumia sana. Ile kalamu ya kutobolea ina namba za kina, aanze na ndogo apande mpaka damu itoke, wengi wanaiacha kwenye namba kubwa bila kujua. Sindano ibadilishwe kila mara, iliyotumika mara kumi inachana ngozi badala ya kutoboa. Anawe maji ya uvuguvugu, mkono uning'inie chini kidogo, damu itakuja bila kukamuliwa sana. Spirit kila siku inakausha ngozi, maji na sabuni vinatosha.

Na huenda hahitaji kutoboa mara nyingi hivyo. Kwa mtu mwenye insulini moja ya usiku, kipimo kinachobeba uzito mkubwa ni cha asubuhi kabla ya kula chochote, kwa sababu ndicho kinachosema dozi ya usiku inatosha au imezidi. Kuongeza hapo ni kipimo cha kabla ya kulala kwa siku hizi chache, pengine na cha saa tisa usiku mara moja au mbili, kwa sababu ya lile tukio, na wakati wowote akijisikia vibaya. Ratiba kamili mpangiwe na kliniki, ila mwambieni daktari wazi kwamba vidole vinauma ili asipange kitu ambacho hakitafuatwa.

Presha nitaipitia haraka. Kipimo cha kuaminika bado ni cha mkanda unaobana mkono wa juu. Baadhi ya saa za kampuni kubwa zinakadiria presha kutokana na umbo la pigo la damu, lakini unatakiwa uzirekebishe kwa mkanda halisi kila baada ya wiki nne, na za Apple zilizoruhusiwa Marekani mwaka 2025 hazitoi namba kabisa, zinatoa onyo tu kwamba huenda presha iko juu. Saa yako inayotoa 120/80 bila kurekebishwa na chochote iweke fungu moja na ile ya sukari.

Nirudi kwenye usiku ule, hili ndo nataka nyumba nzima ijue. Akitetemeka, akitoka jasho, moyo ukienda mbio, akichanganyikiwa au akiongea vitu visivyoeleweka, pimeni kidole. Ikiwa chini ya 3.9, au kama kipimo hakipo karibu, msisubiri: vijiko vitatu mpaka vinne vya chai vya sukari kwenye maji, anywe. Subirini dakika 15, pimeni tena, ikiwa bado chini rudieni. Ikipanda ale kitu kidogo ili isirudi kushuka. Mkimpa sukari kumbe haikuwa imeshuka, itapanda kidogo na hamtakuwa mmemdhuru kwa usiku mmoja, lakini mkimnyima wakati imeshuka anaweza kupoteza fahamu. Akiwa hajitambui au hawezi kumeza, msimpe kitu mdomoni hata tone, mlazeni ubavu na mkimbie hospitali.

Kama anatumia pia dawa za presha za aina ya propranolol au atenolol, mjue zinaweza kuficha kutetemeka na moyo kwenda mbio, likabaki jasho peke yake. Kwa hiyo jasho la ghafla kwake liheshimiwe.

Kliniki ni wiki hii, msisubiri tarehe ya kwenye kadi. Mwelezeni daktari kwamba wiki tatu hakupimwa, kwamba usiku aliamka hivyo, na kwamba mchana imesoma 13.2, maana kupanda mchana na kushuka usiku vinaweza kukaa kwa mtu mmoja na dawa yake ni kupanga upya, sio kuongeza tu insulini. Msiibadilishe dozi wenyewe kwa kuangalia ile 13.2 moja. Lakini kabla hajachoma usiku apime, na akikuta iko chini, au kama usiku mwingine itashuka tena, pigieni kliniki kabla ya dozi inayofuata. Ombeni kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mpaka mitatu kwa sababu kinasoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu, ila kama ana upungufu wa damu au selimundu semeni mapema, jibu linaweza kupotosha. Ombeni na ECG pia. Mwanamke wa umri wake mwenye kisukari anaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu ya kifua, jasho tu na kuishiwa nguvu, sidhani ndicho kilichotokea lakini kuangalia ni dakika chache.

Hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, ni kama sukari inakaa juu ya 15 na anatapika, anahema haraka, analegea au ana kiu na mkojo usioisha, kama imeshuka chini ya 3, au imeshuka mara mbili ndani ya siku moja, kama anapata maumivu ya kifua au kukosa pumzi, au mdomo kupinda na upande mmoja kuishiwa nguvu.

Saa ukiweza kuirudisha irudishe, na kwenye sababu uandike kwamba inadai kupima sukari na haipimi, wauzaji wanasoma hizo. Ikishindikana, mama abaki nayo kwa hatua za kutembea na mapigo ya moyo, mwenye kisukari akitembea kila siku anafaidi na kama saa inamsukuma kutembea sawa tu. Ila ingia kwenye programu ya simu uzime ukurasa wa sukari na wa presha usionekane kwenye kioo kabisa, na kama hauzimiki, basi saa hiyo ivae wewe.